Mchoro wa Kilicho Chini ya Barabara

Mwaka 1848 wakazi wa London waliwaona askari wa kikosi cha uhandisi cha jeshi wakijenga jukwaa la mbao juu kabisa ya kanisa kuu la St Paul's. Jukwaa hilo lilizunguka msalaba uliosimama juu ya kuba, zaidi ya meta 100 kutoka ardhini, na juu yake palijengwa kibanda cha kuhifadhi chombo cha kupimia pembe. Kutoka pale wapima ardhi waliweza kuona minara ya makanisa na vilima vilivyouzunguka mji, na kuviunganisha kwa pembetatu hadi jiji zima likaingia katika hesabu moja. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili ya majitaka.

London wakati huo ilikuwa na hofu. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu mwaka 1832, na sasa kilikuwa njiani kurudi. Mlipuko wa 1848 na 1849 uliua watu wapatao 14,000 jijini. Mifereji ya chini ya ardhi ilikuwepo, mingi na ya zamani, lakini ilisimamiwa na tume nane mbalimbali, kila moja ikiwa na mipaka yake, wafanyakazi wake na ramani zake. Maji hayajui mipaka ya tume. Mfereji uliotoka eneo la tume hii uliingia eneo la tume ile bila mtu yeyote kuwa na mchoro mmoja uliouonyesha kutoka mwanzo hadi mwisho. Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali aliyekuwa ameandika ripoti nzito ya mwaka 1842 kuhusu hali ya afya ya wafanyakazi, alishikilia kwamba haiwezekani kutengeneza kisichojulikana. Saba kati ya tume hizo zikaunganishwa kuwa moja, na tume hiyo mpya ikaomba ramani kwa Ordnance Survey, idara ya ramani ya taifa.

Ramani iliyotoka ilikuwa kubwa ajabu: futi tano za karatasi kwa kila maili moja ya ardhi. Hata hivyo watu waliiita ramani ya mifupa, kwa sababu haikuonyesha bustani wala vyumba wala mapambo ya majengo. Ilikuwa na mistari ya mitaa, na juu ya mistari hiyo namba. Namba hizo zilikuwa vimo vya ardhi, vilivyopimwa kutoka kwenye alama zilizochongwa kwa patasi kwenye kuta za majengo. Wakati askari wakipima juu, wafanyakazi wengine walishushwa chini, wakatembea ndani ya mifereji yenye giza na hewa chafu wakiwa na taa na vijiti vya kupimia, ili kimo cha sakafu ya kila mfereji kiandikwe kwa kulinganishwa na kimo cha barabara iliyo juu yake.

Nawaheshimu sana watu wale wa chini. Majina yao hayakuwekwa kwenye sanamu yoyote, lakini wao ndio waliofanya jambo ambalo kila mhandisi wa mabomba bado anategemea: walikipa kitu kisichoonekana anwani ya namba tatu, yaani kilipo, kipana kiasi gani, na kimo chake ni kipi.

Mwaka 1849 tume ile iliajiri msaidizi wa upimaji aliyeitwa Joseph Bazalgette. Miaka michache baadaye akawa mhandisi mkuu. Ilipofika kiangazi cha 1858, mto Thames ulinuka kiasi cha kuwatesa wabunge ndani ya jengo lao, na fedha ambazo zilikuwa zikibishaniwa kwa miaka zikapatikana mwezi Agosti mwaka huo huo. Bazalgette alijenga mifereji mikuu yenye urefu wa maili 82 hivi, ikikatiza jiji kutoka magharibi kwenda mashariki, sambamba na mto, ikiyadaka majitaka kabla hayajafika mtoni. Tarehe 4 Aprili 1865 mtambo wa kusukuma wa Crossness ulifunguliwa rasmi.

Watu husimulia matofali milioni 318 ya Bazalgette. Mimi huvutiwa zaidi na mteremko wake. Sehemu za chini za mifereji ile mikuu ziliteremka futi mbili tu kwa kila maili, sawa na sentimeta 38 kwa kila kilometa. Ni mteremko ambao jicho haliwezi kuuona wala mguu kuuhisi. Mpimaji akikosea futi moja na ushee katika kilometa, maji husimama, mchanga hutulia, na mfereji huziba. Kazi kama hiyo isingeanzishwa na mtu asiye na vimo vya kuaminika vya jiji zima, na vimo hivyo alivirithi kutoka kwenye ramani ya mifupa.

Miji mingine ya Ulaya nayo ikajenga mifereji yake. Huko Warsaw meya wa jiji, Sokrates Starynkiewicz, alimwomba Mwingereza William Lindley, aliyekuwa amejenga mifereji ya Hamburg baada ya moto mkubwa wa 1842, abuni mfumo wa maji safi na majitaka. Mwanawe, William Heerlein Lindley, ndiye aliyesimamia kazi, na pamoja na kazi hiyo jiji zima likapimwa na kuchorwa upya kwa vipimo vikubwa, mtaa kwa mtaa. Sehemu kubwa ya Warsaw ilibomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini ramani zilizochorwa kwa ajili ya mabomba hazikupotea zote. Leo zimo katika hifadhi ya nyaraka na zinaonyesha nyumba ambazo hazipo tena. Miaka hiyo hiyo ya mwisho ya karne ya 19, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alileta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi Mji Mkongwe, na watu wa kisiwani wakaanza kuyapata maji yaliyosafiri chini ya miguu yao.

Chumba cha kuchorea cha enzi hizo kilikuwa na sheria zake. Mtandao wa mabomba ulichorwa mara mbili: mara moja kama unavyoonekana ukiutazama kutoka juu, na mara ya pili kama ardhi iliyokatwa kwa urefu kufuata bomba, ili ionekane jinsi linavyoteremka. Katika mchoro huo wa pili kimo hukuzwa kuliko urefu, mara nyingi mara kumi, la sivyo mteremko usingeonekana kabisa. Kila chemba ilipewa namba. Pembeni ya kila chemba viliandikwa kimo cha mfuniko, kimo cha sakafu ya bomba linaloingia, kimo cha sakafu ya bomba linalotoka. Juu ya kila bomba viliandikwa kipenyo, aina ya bomba, urefu na mteremko. Maandishi hayo yalikuwa kazi ya mikono iliyofunzwa, kwa wino, juu ya kitambaa maalumu chembamba kinachopitisha mwanga. Aliyekosea alikwangua wino kwa wembe, taratibu, asitoboe. Nakala zilitolewa kwa karatasi ya buluu, mbinu iliyotokana na uvumbuzi wa John Herschel wa mwaka 1842.

Sasa fikiria chemba moja inashushwa sentimeta 20 kwa sababu mafundi wamekuta mwamba au waya. Mabomba mawili yanabadilika mteremko. Vimo vinne au vitano vinabadilika katika mchoro wa kutoka juu, vilevile katika mchoro wa mkato, na tena katika jedwali la chemba. Mchoraji lazima akumbuke kila mahali namba ile ilipoandikwa. Akisahau mahali pamoja tu, karatasi moja itasema hivi na nyingine vile, na fundi aliye ndani ya mtaro atafuata ile aliyoshika mkononi.

Hesabu nazo ziliongezeka uzito. Mwaka 1889 Robert Manning, mhandisi wa Ireland ambaye hakuwahi kusomea uhandisi darasani, aliwasilisha kanuni ya kukadiria kasi ya maji katika mifereji kutokana na mteremko, umbo na ukwaruzo wake. Kanuni inayobeba jina lake bado imo katika programu nyingi za kubuni mifereji. Mabomba ya maji safi yalikuwa na ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa yanaunganishwa kwa mizunguko. Maji yanaweza kumfikia mteja kwa njia mbili au tatu, na hakuna anayejua kwa kutazama ni kiasi gani kinapita njia ipi. Novemba 1936 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha njia ya kulifumbua fumbo hilo. Unabuni mtiririko katika kila bomba, ukihakikisha tu kwamba kinachoingia kwenye kila kiungo ndicho kinachotoka. Kisha unazunguka kila duara ukijumlisha nguvu inayopotea, unapata sahihisho, unalitumia, unaanza tena. Kila mzunguko wa hesabu unakusogeza karibu na ukweli.

Njia ya Cross ilihitaji subira na penseli tu, na ikatawala kwa miongo kadhaa. Ila ilidai jambo moja ambalo michoro ya zamani haikulidai kwa ukali huo: kila bomba liwe na namba yake peke yake, na dhidi ya namba hiyo kipenyo, urefu na ukwaruzo. Maandishi ya mchoro yakaacha kuwa maelezo ya mtazamaji tu, yakawa chakula cha hesabu. Mwaka 1957 Lyle Hoag na Gerald Weinberg walichapisha jinsi walivyoikabidhi kompyuta hesabu ya mtandao wa maji wa Palo Alto, California. Kompyuta haikuona mchoro wowote. Ilipewa orodha ya namba.

Hivyo kwa muda mabomba yalikuwa na maisha mawili yasiyokutana, moja la wino kwenye meza ya mchoraji na moja la namba ndani ya mashine. Aliyefungua njia ya kuyakutanisha hakuwa mtu wa maji. Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika MIT, alikamilisha mwaka 1963 programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini. Kuchora kwenye skrini ndiko kulikowashangaza watu, lakini kubwa zaidi lilikuwa kwamba mistari ile ilikumbuka uhusiano wake. Ukiiambia mistari miwili ibaki sambamba, ilibaki sambamba hata ukiivuta moja. Ukiisogeza ncha, kila kilichofungwa kwenye ncha hiyo kilifuata.

Wazo hilo lilihitaji mashine kubwa kuliko uwezo wa ofisi yoyote ya kawaida, nalo likasubiri. Mapema mwaka 1982 John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk huko California, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakiuza AutoCAD, programu iliyokua kutoka kwenye ile iliyoandikwa na Michael Riddle. Ilifanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya mezani na bei yake ilikuwa dola 1,000 hivi, wakati mifumo mingine ya kuchora ilihitaji fedha za kununulia nyumba. Hata ofisi ya mhandisi mmoja na msaidizi wake ikaweza kununua. Wembe ukawekwa kando.

Pamoja na hayo, ni lazima tuseme kilichopotea. Katika AutoCAD ya mwanzo mstari ulikuwa mstari na maandishi yalikuwa maandishi. Kompyuta haikujua kwamba "kipenyo 300" iliyoandikwa karibu na mistari miwili inahusu bomba. Ungeweza kulisogeza bomba na maandishi yakabaki palepale yakielezea hewa. Ukibadilisha kimo cha chemba, ulitafuta namba zote kwa macho, kama mchoraji wa mwaka 1880, tofauti ikiwa kwamba kufuta kumekuwa rahisi. Na urahisi huo ulikuwa na hatari yake: karatasi iliyokwanguliwa huonyesha kovu, faili haionyeshi.

Wahandisi wenyewe walianza kuziba pengo. AutoCAD ilipopata lugha ndogo ya kuandikia amri, AutoLISP, mwaka 1986, ofisi nyingi ziliandika vijiprogramu vyao vya kuchora chemba na kuandika miteremko. Kampuni iliyojulikana kwa kazi hiyo ilikuwa DCA ya mji mdogo wa Henniker, New Hampshire, ambayo baadaye iliitwa Softdesk. Autodesk iliinunua mwaka 1997, na kazi yake ikaendelea ndani ya programu iliyoitwa Land Desktop. Pale mabomba yalihifadhiwa kama data ya mradi, nje ya mchoro, na mchoro ulitolewa kutokana na data hiyo. Ilikuwa nusu ya safari. Data ikibadilika, michoro na maandishi yaliyokwisha kutolewa hayakujua. Ilibidi yatolewe upya.

Nusu ya pili ilifika katika miaka ya mwanzo ya 2000 na programu ya Civil 3D. Ndani yake bomba ni kitu kamili chenye kipenyo, unene, aina na vimo vya ncha zake mbili, na kinajua chemba kilikofungwa. Mchoro wa kutoka juu, mchoro wa mkato na jedwali ni macho matatu yanayotazama kitu hicho kimoja. Lebo, yaani maandishi ya bomba kwenye mchoro, haina namba yake yenyewe. Inauliza bomba kila mara: mteremko wako ni upi? Shusha chemba sentimeta 20, na kila lebo katika kila karatasi inajirekebisha yenyewe. Kile Sutherland alichokionyesha mwaka 1963 kikawafikia wachora mifereji baada ya miaka arobaini. Mabomba ya maji yenye shinikizo, ambayo sheria zake ni tofauti na za majitaka, yalipata nafasi yao kamili katika toleo la 2013.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu lebo inayojiandika huleta maswali ambayo mchoraji wa wino aliyajibu bila kujua. Chukua urefu wa bomba. Je, ni kutoka katikati ya chemba hadi katikati ya chemba inayofuata? Au kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, yaani bomba litakalonunuliwa hasa? Je, ni urefu unaopimwa kwa usawa wa ardhi kwenye ramani, au urefu wa kufuata mteremko? Programu inaweza kuandika wowote kati ya hizo, na zote ni kweli. Katika mtandao wenye chemba mia moja za upana wa meta 1.2, tofauti kati ya kupima kwa katikati na kupima kwa kuta ni kama meta 120 za bomba. Mkandarasi ataweka bei kwa urefu mmoja na mkaguzi atapima kwa mwingine.

Au chukua mwelekeo. Programu hulitambua kila bomba kwa mwanzo na mwisho wake kama lilivyochorwa. Aliyechora kutoka bondeni kwenda mlimani, na akaacha mwelekeo wa maji ufuate mchoro, atapata lebo inayodai kwamba maji yanapanda na kwamba kimo cha kuingilia ndicho cha kutokea. Mteremko utaandikwa kwa alama ya kutoa, na kuna watu wataificha alama hiyo kwa kubadilisha mtindo wa lebo badala ya kurekebisha bomba. Lebo itapendeza. Fundi wa zamani aliyeandika kila namba kwa mkono alilazimika kuisoma. Wa leo anaweza kutoa karatasi hamsini bila kusoma hata moja.

Programu za hesabu nazo zilifuata mkondo huo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilidhamini programu ya SWMM ya maji ya mvua na majitaka iliyotoka mwaka 1971, na mwaka 1993 likatoa EPANET ya mitandao ya maji safi, iliyoandikwa na Lewis Rossman. Zote mbili hutolewa bure. Kwa nchi zetu hilo si jambo dogo: mhandisi wa mamlaka ya maji asiye na bajeti ya leseni anaweza kufanya hesabu ile ile inayofanywa Marekani.

Kufikia mwaka 2010 ingeweza kuaminika kwamba kazi iliyoanza juu ya St Paul's imekamilika. Bomba na maandishi yake vimefungwa pamoja. Kisha jioni ya tarehe 9 Septemba mwaka huo, bomba la gesi lenye kipenyo cha inchi 30 lilipasuka katika mtaa wa makazi wa San Bruno, kusini mwa San Francisco. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilichunguza na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Bomba lilikuwa limelazwa mwaka 1956. Katika mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Pacific Gas and Electric kipande kile kiliandikwa kuwa ni bomba lisilo na mshono. Wachunguzi walipolitazama bomba lenyewe walikuta mishono ya kuchomelea, tena katika vipande vifupi vilivyounganishwa vibaya, na mshono mmoja kati ya hiyo ndio uliofunguka. Maandishi ya kwenye kompyuta yalikuwa yametoka kwenye kumbukumbu za uhasibu, si za uhandisi. Mtu alikuwa ameandika neno moja lisilo sahihi miongo kadhaa nyuma, mfumo ukalihifadhi kwa uaminifu, na mipango ya ukaguzi ikajengwa juu yake.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. San Bruno ilikuwa na daftari, na lilikuwa daftari la kisasa. Lebo ilikuwa imefungwa barabara kwenye bomba la ndani ya kompyuta. Bomba la ndani ya ardhi lilikuwa jingine. Hicho ndicho programu haikuweza kukitibu wala haitaweza, kwa kuwa inajua tu ilichoambiwa.

Jibu la maana lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya msiba huo. Mwaka 2002 chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani, ASCE, kilitoa kiwango namba 38, kinachotaka kila mstari wa bomba kwenye mchoro useme umejulikanaje. Daraja D ni habari iliyotoka kwenye kumbukumbu za zamani au maneno ya watu. Daraja C ni pale mifuniko na valvu zinazoonekana juu zimepimwa na kulinganishwa na kumbukumbu hizo. Daraja B ni bomba lililotafutwa kutoka juu kwa vyombo vinavyotambua kilicho chini ya ardhi. Daraja A ni bomba lililofukuliwa, likaonekana kwa macho na kupimwa. Mwaka 2022 kiwango hicho kilirekebishwa, na pamoja nacho kikatoka kingine, namba 75, cha namna ya kuweka kumbukumbu za mabomba mapya yanapolazwa.

Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura zinachimbwa kila siku. Bomba jipya linapolazwa huwa katika daraja A bila gharama yoyote ya kulitafuta, kwa saa chache tu, kabla udongo haujarudishwa. Wewe unayesimamia mtaro huo, mzuie mwendesha tingatinga kwanza. Pima kimo cha bomba lililolala mbele yako, si lile la kwenye mchoro. Andika kipenyo, aina na mwezi lilipolazwa, kisha urekebishe mchoro kabla ya kuidhinisha malipo ya mkandarasi.